Kuachishwa Jeshi bila Hukumu: Askari wa Tanganyika Rifles wa 1964 na Suala la Kusafishwa Jina, kwa Kuzingatia Rusimbi na Mwambao wa Ziwa Tanganyika

1.0 Utangulizi

Askari anapoacha jeshi huondoka na vitu viwili: ujuzi alioupata na maelezo ya namna alivyoondoka. Ujuzi ni wake. Maelezo huandikwa na wengine, nayo ndiyo yanayosomwa na mwajiri, na karani wa malipo ya uzeeni, na hata na majirani wasiojua kusoma, kwa kuwa habari za aliyefukuzwa hufika nyumbani kabla yake. Makala haya yanachunguza hali ya askari ambaye kuondoka kwake jeshini kulitiwa doa na tuhuma ya utovu wa nidhamu, pamoja na njia alizokuwa nazo, au alizozikosa, za kuliondoa doa hilo. Mfano mkuu ni askari wa Tanganyika Rifles walioachishwa kwa pamoja baada ya maasi ya Januari 1964.

Hoja inayotetewa ni kwamba, katika tukio hilo, askari waliofikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi walikuwa na kitu ambacho wenzao wengi hawakukipata, yaani hukumu. Hukumu huwa na shtaka, ushahidi, utetezi na kumbukumbu. Inaweza kupingwa, kupunguzwa au kufutwa. Aliyerudishwa kwao kwa amri ya jumla hakuwa na shtaka la kujibu, na kwa sababu hiyo hiyo hakuwa na kitu cha kukatia rufaa. Nafuu ya kutoshtakiwa ikageuka kuwa kizuizi cha kudumu.

Tukio hili linatazamwa kutoka Rusimbi, mojawapo ya kata za Manispaa ya Kigoma-Ujiji. Uteuzi huo unahitaji maelezo, kwa kuwa mkoa wa Kigoma haukuwa chimbuko kuu la askari. Katika enzi ya Waingereza Buha ilijulikana zaidi kwa kutoa vibarua wa mkataba, waliokuja kuitwa manamba, kwa ajili ya mashamba ya mkonge. Ipo sababu ya kihistoria hata hivyo: majeshi kadhaa ya kigeni yalipita Kigoma na kuacha askari wenye madai na hati zao. Ipo pia sababu ya kiuchumi: Kigoma ni mwisho wa Reli ya Kati na ni bandari, na katika miji ya namna hiyo ajira nyingi za mshahara zilitegemea karatasi inayoonyesha mtu alifanya kazi wapi na aliondoka vipi.

2.0 Usuli: Hati ya Askari katika Majeshi ya Kikoloni

Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, miezi michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwezi Julai 1916 Wajerumani waliuacha mji huo mbele ya majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo, wakaizamisha wenyewe meli yao *Graf von Götzen*. Meli hiyo iliibuliwa baadaye na kurudishwa kazini mwaka 1927 kwa jina la *Liemba*. Pande zote mbili zilipigana kwa kutegemea askari wa Kiafrika, na kwa upande wa Wajerumani askari hao waliendelea na mapigano hadi Novemba 1918, Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck aliposalimu amri Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala, nchini Zambia.

Baada ya kusalimu amri, kikosi hicho kilisafirishwa kwa njia ya ziwa hadi Kigoma, iliyokuwa bado mikononi mwa Wabelgiji, kisha kwa treni hadi Tabora, ambako askari wa Kiafrika walizuiliwa. Walikuwa wakidai mishahara ya muda mrefu. Kwa kuwa fedha hazikuwapo, walipewa hati za kuonyesha wanachodai. Sehemu ya madai hayo ilishughulikiwa katika miaka ya 1920. Kisha mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha malipo kwa waliokuwa wangali hai. Katika masimulizi yanayorudiwa na waandishi wengi kuhusu malipo hayo, wazee waliojitokeza Mwanza hawakuwa wote na hati. Inasemekana kwamba asiyekuwa nayo alipewa ufagio mkononi mahali pa bunduki, akaamriwa kwa Kijerumani afanye gwaride. Aliyetii amri sawasawa alilipwa. Iwe habari hiyo ni sahihi kwa kila kipengele au la, inaeleza jambo moja la msingi: palipokuwa na nia ya kumtambua askari, kukosekana kwa karatasi hakukufunga mlango. Mtu mmoja mmoja alisimamishwa na kupimwa kwa alichokijua.

Jeshi la Waingereza, King's African Rifles, liliendeleza umuhimu wa karatasi. Askari aliyemaliza muda wake aliondoka na cheti kilichotaja utumishi wake na tathmini ya tabia yake. Maneno machache ya ofisa wa Kiingereza juu ya tabia yangeweza kumfungulia mtu kazi ya polisi, ya magereza, ya utarishi bomani au ya ulinzi, na yangeweza pia kumfungia. Sheria ya kijeshi ya Waingereza ilijua vilevile adhabu ya kumfukuza askari kwa aibu, ambayo ilikusudiwa kumfuata hata baada ya kuvua sare. Mfumo huo ulikuwa wa kibaguzi, maana mpimaji alikuwa mgeni na mpimwaji hakuulizwa. Hata hivyo ulikuwa na sifa moja itakayokuwa muhimu katika mjadala unaofuata: ulimwandika kila askari kwa jina lake.

3.0 Maasi ya Januari 1964

Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, ilirithi vikosi viwili vya King's African Rifles, cha 6 na cha 26, vikawa Kikosi cha Kwanza na cha Pili cha Tanganyika Rifles. Cha kwanza kilikuwa Colito, Dar es Salaam, na cha pili Tabora. Jina lilibadilika, lakini uongozi ulibaki kwa sehemu kubwa mikononi mwa maofisa wa Kiingereza chini ya Brigedia Patrick Sholto Douglas. Mshahara wa askari wa kawaida ulikuwa shilingi 105 kwa mwezi. Mwanzoni mwa Januari 1964 serikali ilitangaza kukoma kwa upendeleo wa Waafrika katika utumishi wa umma, kwa msingi kwamba raia wote wawe sawa bila kujali rangi. Kwa askari waliokuwa wakisubiri kupandishwa vyeo vilivyoshikwa na Waingereza, tangazo hilo lilisikika kama kufungwa kwa njia.

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari askari wa Colito waliwakamata maofisa wao wa Kiingereza, wakaingia mjini na kuziteka sehemu muhimu. Walidai mshahara wa shilingi 260 na kuondolewa kwa maofisa wa kigeni. Waziri wa Mambo ya Nje na Ulinzi, Oscar Kambona, alizungumza nao, na Luteni Elisha Kavana akatajwa kuwa mkuu mpya wa jeshi. Tarehe 21 Januari maasi yalifika Tabora. Hapo ndipo tukio lilipoigusa reli ya Kigoma moja kwa moja, kwa kuwa Tabora ndiyo kambi kubwa iliyokuwa karibu zaidi na mwambao wa Ziwa Tanganyika, na ndiyo njia panda ya treni zinazokwenda Kigoma na Mwanza.

Tarehe 25 Januari, kwa ombi la serikali ya Tanganyika, makomando wa Kiingereza kutoka manowari *Centaur* walishuka Colito na kuwapokonya askari silaha. Askari wachache waliuawa. Vikosi vya Tabora navyo vilidhibitiwa, na viongozi kadhaa wa vyama vya wafanyakazi waliwekwa kizuizini. Mwalimu Julius Nyerere alitangaza kuvunjwa kwa jeshi na kuwaita vijana wa TANU wajiandikishe katika ofisi za chama ili liundwe jingine. Kwa muda uliofuata ulinzi ulisaidiwa na kikosi kutoka Nijeria, na tarehe 1 Septemba 1964 Jeshi la Wananchi la Tanzania lilizaliwa rasmi, likiongozwa na Mirisho Sarakikya.

4.0 Namna Mbili za Kuondolewa

Baada ya Januari 25, askari wa Tanganyika Rifles waligawanyika katika makundi mawili yasiyolingana kwa idadi. Kundi dogo lilishtakiwa mbele ya mahakama maalumu ya kijeshi mwaka huohuo. Sajini Francis Hingo Ilogi, aliyeonekana kuwa kiongozi, alihukumiwa kifungo cha miaka 15. Wengine walipata vifungo vifupi zaidi, na baadhi waliachiwa huru kwa kukosekana hatia. Mwalimu Nyerere aliziona adhabu hizo kuwa nyepesi, lakini alikataa kuziingilia, kwa maelezo kwamba nchi inaongozwa kwa sheria. Msimamo huo umesifiwa na wanahistoria wengi, na unastahili sifa: kiongozi aliyekuwa amefedheheshwa na askari hao aliyaacha maamuzi ya mahakama yasimame.

Kundi kubwa halikufika mahakamani. Askari waliokuwa wamebaki kambini, waliofuata umati kwa hofu, waliokuwa zamu, waliojaribu kuwatuliza wenzao na walioshangilia kwa moyo wote, karibu wote waliachishwa na kurudishwa makwao. Kwa upande wa serikali hatua hiyo ilikuwa na mantiki. Dola changa, isiyo na jeshi jingine la kutegemea, isingeweza kukaa miezi mingi na mamia ya askari kambini huku ikichambua nani alifanya nini usiku ule. Kuvunja jeshi lote kulikuwa njia ya haraka ya kuondoa hatari, na nchi iliepuka umwagaji wa damu ambao nchi nyingine za Afrika ziliupata katika miaka iliyofuata.

Hata hivyo mantiki ya usalama haifuti swali la haki. Kuvunja kikosi ni uamuzi juu ya kikosi. Kumtia mtu doa ni uamuzi juu ya mtu. Mwaka 1964 mambo hayo mawili yalifanywa kwa amri moja. Walioachiwa na mahakama walau waliweza kusema kwamba walishtakiwa na hawakukutwa na hatia. Askari aliyekuwa zamu Tabora na hakugusa silaha ya mtu hakuwa na kauli kama hiyo. Alikuwa amehesabiwa pamoja na waasi bila mtu yeyote kusema kwamba aliasi. Kwa hiyo ulizuka mpangilio usiotarajiwa: aliyetuhumiwa zaidi alisikilizwa, na aliyetuhumiwa kidogo hakusikilizwa.

5.0 Kurudi Rusimbi

Kwa askari ambaye kwao ni Rusimbi, safari ya kurudi kutoka Tabora ilikuwa ya takribani kilomita 400 kwa reli. Alirudi katika mji wa bandari, forodha, stesheni, biashara ya dagaa na mawese, na ofisi za serikali. Yapo mazingira matatu yanayofafanua ugumu wa kujisafisha katika mji wa namna hiyo.

Kwanza ni uchache. Katika maeneo yaliyotoa askari wengi, aliyerudi aliweza kupata wenzake wa kikosi kimoja wa kumshuhudia. Katika eneo lililozoea kutoa vibarua kuliko askari, aliyeachishwa alielekea kubaki peke yake na simulizi yake. Ushahidi wa kwamba hakushiriki ulikuwa kwa wenzake waliotawanyika nchi nzima, na kwa maofisa wa Kiingereza waliokwisha kuondoka.

Pili ni mabadiliko ya mpimaji wa tabia. Kabla ya 1964 tabia ya askari ilipimwa na ofisa wake na kuandikwa kwenye cheti. Jeshi jipya lilijengwa juu ya msingi tofauti: uaminifu kwa taifa ulithibitishwa kupitia chama, na ofisi ya TANU ndiyo iliyokuwa mlango wa kuingilia. Mabadiliko hayo yalikuwa na maana kubwa kisiasa, kwa kuwa yalilikata jeshi kutoka katika mizizi yake ya kikoloni. Lakini kwa askari wa zamani yalimaanisha kwamba utumishi wake wote wa nyuma, hata ukiwa wa miaka 10 bila kosa, ulikuwa umepimwa kwa kipimo kisichotumika tena. Cheti kilichosifu utii wake kwa King's African Rifles hakikuweza kumtetea mbele ya wanaoijenga nchi huru. Pengine kilimwongezea mashaka.

Tatu ni kukosekana kwa chombo cha kupokea malalamiko. Katiba za 1961 na 1962 hazikuwa na sura ya haki za binadamu inayoweza kutekelezwa mahakamani. Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, iliyoanza kazi mwaka 1966 na kusikiliza malalamiko ya wananchi hadi mikoani, ilikuwa hatua kubwa, na ilikuwa ya kwanza ya aina yake barani Afrika. Lakini haikuwa na mamlaka ya kumchunguza Rais, ilhali kuvunjwa kwa jeshi kulikuwa uamuzi wa Rais. Haki za msingi ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984 na kuanza kudaiwa mahakamani mwaka 1988. Ibara ya 13(6)(a) inampa mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufaa. Askari wa 1964 aliyesoma ibara hiyo aliona humo jina la kitu alichonyimwa miaka 24 kabla ya haki hizo kuanza kudaiwa.

6.0 Ulinganisho

Maasi ya 1964 yalizikumba pia Uganda na Kenya ndani ya wiki hiyohiyo, na Timothy Parsons ameyachambua kwa pamoja katika kitabu chake cha mwaka 2003. Uganda ilikubali kupandisha mishahara na kubaki na jeshi lake. Kenya iliwashtaki askari wa Lanet waliochaguliwa na kukivunja kikosi kilichohusika, huku sehemu kubwa ya jeshi ikiendelea. Tanganyika peke yake ndiyo iliyoanza jeshi upya. Ndiyo maana askari wa Tanganyika walioadhibiwa bila kesi walikuwa sehemu kubwa kuliko kwa majirani.

Kenya inatoa funzo jingine kupitia jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982. Meja Jenerali Peter Mwagiru Kariuki, aliyekuwa mkuu wa Jeshi la Anga, alihukumiwa na mahakama ya kijeshi kifungo cha miaka 4 kwa kushindwa kuzuia maasi, na akapoteza cheo na utumishi wake. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ya Kenya ilimpa fidia ya shilingi milioni 15 za Kenya kwa kuvunjwa kwa haki zake za kikatiba. Yaliyomwezesha ni mambo mawili: kuwapo kwa katiba yenye haki zinazodaiwa, na kuwapo kwa mwenendo wa kesi ambao majaji waliweza kuuchunguza miongo mitatu baadaye. Hukumu iliyomwumiza ndiyo pia iliyokuwa mahali pa kuanzia kumrekebishia.

Nje ya Afrika, Marekani iliweka tangu 1944 bodi za kupitia upya namna askari alivyoachishwa. Mwanajeshi anaweza kuomba maelezo ya kuondoka kwake yabadilishwe akieleza mazingira, utumishi wake kwa jumla au dosari za utaratibu. Mwezi Novemba 2023 Jeshi la Marekani lilifuta hukumu za askari weusi 110 wa Kikosi cha 24 cha Miguu, waliotiwa hatiani kufuatia ghasia za Houston za 1917. Askari 19 kati yao walikuwa wamenyongwa. Kumbukumbu zao ziliandikwa upya kuonyesha kwamba walitumikia kwa heshima. Wote walikuwa wamekufa. Waliopokea nafuu hiyo ni wajukuu. Hapo pia kilichorekebishwa kilikuwa hukumu yenye majina.

Mifano hiyo haithibitishi kwamba utaratibu wa Kenya au Marekani ni bora kwa kila hali. Bodi zinaweza kuchelewa, na fidia ya uzeeni hairudishi miaka. Inathibitisha tu kwamba kumsafisha askari jina kunahitaji kwanza kumtenganisha na kundi. Wazee wa Mwanza walitenganishwa kwa hati au kwa gwaride, Kariuki kwa mwenendo wa kesi, askari wa Houston kwa majina yaliyo katika hukumu. Mwaka ambao askari wa utawala wa Kijerumani walikuwa wakitambuliwa mmoja mmoja, askari wa nchi huru walikuwa wakiondolewa kwa jumla.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kuachishwa kwa askari wa Tanganyika Rifles mwaka 1964 kuliokoa dola kutokana na hatari ya haraka, lakini kuliacha deni ambalo halikuwahi kupangiwa namna ya kulipwa. Deni lenyewe si pensheni pekee. Ni jibu la swali ambalo kila mmoja wao angeweza kuuliza: mimi binafsi nilifanya nini? Mahakama ya 1964 ililijibu kwa wachache. Kwa wengine wote jibu lilibaki katika neno moja, waasi, lililowafunika walioasi na wasioasi.

Katika maandishi ya historia ya Tanzania neno hilo limeendelea kutumika kwa jumla hiyohiyo. Utafiti juu ya maasi umejikita Dar es Salaam, kwa viongozi, kwa mazungumzo na kwa kushuka kwa makomando. Tabora hutajwa kwa mistari michache, na miji ambako askari walirudi haitajwi kabisa. Mtafiti anayeanzia Rusimbi, Ujiji au mji mwingine wowote wa reli hana budi kuuliza maswali mengine: nani alirudi, alirudi na karatasi gani, aliajiriwa wapi, na familia yake ilieleza vipi kurudi kwake. Wengi wa waliokuwa askari mwaka huo wamekwisha kufariki, na waliobaki wana umri wa zaidi ya miaka 80. Serikali bado inaweza, ikipenda, kutofautisha kwa tamko au kwa sheria kati ya waliotiwa hatiani na walioachishwa tu. Wanahistoria hawahitaji kusubiri tamko hilo. Wanaweza kuanza kwa kuacha kumwita mwasi mtu ambaye hakuna mahakama iliyowahi kumwita hivyo.